Enyi Wakutubi, Shikeni Jembe

Ndugu zangu wakutubi, na ninyi walimu wa vyuo mnaopita maktaba kama wapita njia, nina neno nanyi juu ya kitabu kimoja chenye jalada la kijani.

Nilikuwa zamu mezani, alasiri, umeme umekatika, joto limetanda. Akaja binti wa mwaka wa pili, mwanafunzi wa uuguzi, ameshika karatasi ya zoezi iliyochorwa mistari myekundu. Hakuja kuazima. "Shikamoo. Mwalimu anasema nimeandika dozi ya dawa isiyotumika tena. Lakini mimi sikuitunga, nimeitoa hapa." Akafungua kitabu. Kweli, ilikuwepo: klorokwini, vidonge vya siku ya kwanza, vya siku ya pili, vya siku ya tatu, na pembeni ya ukurasa mhuri wetu wa duara, wino wa zambarau, umekaa sawasawa kama sahihi ya hakimu. Tanzania iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaingia dawa ya SP. Mwaka 2006 SP nayo ikapisha dawa ya mseto, ALu. Dawa zimepishana mara mbili, na kitabu kiko palepale, usawa wa macho, kinasubiri mtu.

Nikamwambia kitabu hicho ni cha zamani. Naye akaniuliza, kwa adabu tu: "Sasa mmekiweka cha nini?"

Miaka imepita, bado natafuta jibu la kumpa. Sikulipata siku ile kwa sababu halipo. Tulikiweka kwa kuwa kilikuwepo. Kiliingia siku moja, kikapewa namba, na tangu hapo hakuna aliyekiuliza una habari gani leo.

Sikilizeni. Kitabu kikiwa chini ya mwembe, kimetandazwa juu ya turubai sokoni, mnunuzi anajihadhari mwenyewe. Anajua muuzaji hajakisoma. Lakini kitabu kikishapigwa mhuri, kikaandikwa kwenye daftari la mapokezi na kusimamishwa rafuni, hicho kimeapishwa. Kinakuwa shahidi. Mwanafunzi hamjui mwandishi, wala hajui mji kilikochapwa. Anatuamini sisi. Anasema moyoni, kama kingekuwa kibaya wasingekiacha. Na sisi tunapita mbele ya shahidi huyo kila asubuhi na kitambaa cha vumbi, tunampangusa uso aendelee kusema uongo akiwa msafi.

Wala msidhani ni malaria peke yake. Nendeni rafu ya magonjwa ya ndani. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na tindikali. Mgonjwa atulie, anywe maziwa. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria kwa makusudi ili aonyeshe kwamba mkosaji ni kijidudu, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobeli. Maziwa bado yanahubiriwa rafuni. Nimeyasoma kwa macho yangu. Nendeni rafu ya sheria. Kuna mtu anayesoma jioni, ametoka kazini amechoka, nauli yake ya kurudi kaishika kiganjani, anakariri sheria za kazi kutoka kitabu cha kabla ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Anakesha na maiti. Jirani zetu wa Kenya walijipatia katiba mpya mwaka 2010. Kitabu chao cha sheria ya katiba cha kabla ya hapo kimekuwa kitabu cha historia, basi na kihamie kwa wanahistoria. Rafu ya kompyuta sitaisema. Mwenye moyo mgumu aende mwenyewe akajifunze kusakinisha Windows 95.

Najua tulivyofika hapa, na sitaki kuwachapa fimbo kwa ukweli nusu. Sisi ni watoto wa njaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini, na miaka ya themanini karibu yote, fedha za kigeni zilikauka, majarida yakakatika moja baada ya jingine, na mkutubi aliishi kwa kusubiri lori. Lori lolote. Boksi la msaada halikuulizwa lina nini. Aliyewahi kulala njaa hamwagi kiporo. Kikianza kuchacha anakinusa, anakifunika, anasema kesho nitakipasha. Ndivyo tulivyoishi na vitabu vya kodi ya mapato ya Marekani na kamusi elezo zilizokosa juzuu tatu. Tulikuwa tunapasha.

Lakini hata aliyekuwa akituletea ameongoka. Ranfurly Library Service, iliyoanza mwaka 1954 na kujulikana kwa kusambaza vitabu vilivyokwisha kusomwa na Waingereza, leo inaitwa Book Aid International, na inatuma vitabu vipya vitokavyo kwa wachapishaji. Mwenye kuleta kiporo ameacha. Aliyekipokea bado amekifunika kwa kawa.

Na sote tumezikariri kanuni tano za S. R. Ranganathan, yule mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, alizozitoa mwaka 1931. Ya tano, inayoifananisha maktaba na kiumbe hai anayekua, ndiyo tunayoipenda kuliko zote, maana tunaitaja kila tunapoandika maombi ya jengo. Haya. Kiumbe hai anayekula kila siku asitoe kitu mwilini, ndugu zangu, huyo hapewi jengo. Hupelekwa hospitali.

Jengo! Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Nilifurahi kama Mtanzania. Kisha nikawasikia wenzangu wa vyuo vingine wakisema, tukipata kama lile shida imekwisha, nikajishika kichwa. Mkulima aliyeshindwa na magugu ya ekari moja, ukimwongezea ekari kumi umemfanyia nini? Rafu tupu ina ushawishi wake. Inaita. Kilichokuwa kwenye maboksi chini ya ngazi, na panya wamekwisha kukijua, kitapandishwa juu kijaze nafasi, ili siku mgeni rasmi akija akute mistari imenyooka.

Sasa niwasikie mlio na methali. Najua mnazo mbili. Ya kale ni dhahabu. Na ile nyingine, ya watu wa pwani: usiache mbachao kwa msala upitao. Nazipokea zote mbili kwa mikono miwili, na hiyo ya mkeka ndiyo nitakayoihubiri mpaka mwisho, kwa sababu hapo ndipo tulipopotea.

Niungame kwanza. Katika maktaba niliyoanzia kazi tuliambiwa mwaka mmoja tupunguze vitabu. Tulikuwa vijana, hatukupewa orodha wala mwongozo, tulipewa viroba na siku nne. Tukashika vyembamba. Vijitabu visivyo na jalada gumu, vilivyopigwa chapa kwa stensili, pini zake zimeshika kutu mpaka karatasi imegeuka kahawia: taarifa za vyama vya ushirika, masomo ya elimu ya watu wazima, makala za semina za Kiswahili, hotuba za wakuu wa mikoa. Vilikuwa vinaonekana uchafu. Mnene mwenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu mgongoni tulimwacha kwa heshima, kama mgeni aliyekalia kiti chetu pekee. Viroba vikauzwa kwa kilo.

Wiki chache baadaye nilinunua karanga stendi. Nilipozimaliza nikakunjua kijikaratasi, kama mtu yeyote anavyofanya, nione kilichoandikwa. Jedwali la kilo za pamba. Jina la chama cha msingi. Sahihi ya katibu, imepindapinda, ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Na juu kulia, nusu ya mhuri wetu wa zambarau.

Nilirudi kwa muuza karanga nikamuuliza kama anazo nyingine. Akaniuliza za chumvi au za kawaida.

Nasema hili lilikuwa kosa kubwa kuliko lile la binti wa uuguzi. Binti alikuwa na mwalimu wa kumsahihisha. Yule katibu wa ushirika, na wakulima aliowaandika kilo kwa kilo, walikuwa na karatasi ile tu. Sijaona nakala ya pili mpaka leo. Kitabu cha kodi ya Marekani tulichokiacha rafuni kwa heshima kimejaa katika maktaba za kwao, kila toleo, mwenye kukihitaji ataletewa. Sasa mbachao ulikuwa upi hapo, na msala upitao ulikuwa upi? Mbachao ni mkeka wako mwenyewe, umechakaa lakini umeulalia na babu yako aliulalia. Tuliutupa huo. Tukabaki tumeukumbatia msala wa mpita njia, tena mpita njia mwenyewe kausahau.

Kwa hiyo umri wa kitabu usikutishe wala usikudanganye. *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapwa mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten huku sehemu kubwa ya maneno ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaweza kukaa miaka mitano asikiguse mtu. Kikae. *Mambo Leo*, gazeti lililoanza mwaka 1923, kila jalada lake lililosalia lifungwe vizuri na lipewe chumba kisicho na unyevu. J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada na kanda za sauti za Waswahili, zikahifadhiwa Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapwa kitabu mwaka 1970. Ndani ya miswada hiyo mna kurasa zilizoliwa na wadudu, wino umefifia, mwandiko wa Kiarabu ambao wengi wetu hatuwezi kuusoma. Angepita kijana mwenye kiroba, kama mimi wa siku zile, angeona takataka tupu.

Nataka mlione jambo hili kwa mfano mmoja, maana ndipo palizi inapotofautiana na ufyekaji. Chukueni kitabu cha kigeni cha famasia, nakala saba, kina dozi ya klorokwini. Chukueni na mwongozo mwembamba wa kutibu malaria uliochapwa hapahapa nyumbani enzi za dawa hiyo, nakala moja, una dozi ileile. Kosa ni lile lile, lakini hukumu ni mbili. Zile saba ziondoke, zote, leo. Mwongozo ule utoke rafuni kwa wanafunzi, uende kwenye mkusanyiko maalumu, ukae na wenzake wa historia, kwa sababu siku moja mtafiti atataka kujua nchi hii ilikuwa inatibu vipi watoto wake kabla ya 2001, na hakuna mtu London wala Chicago atakayemwambia. Fyekeo halioni tofauti hiyo. Jembe la mkono linaiona, kwa sababu mwenye jembe ameinama.

Inameni basi! Msiniambie hamna muda. Muda wa kuhesabu vitabu kila mwaka mnao, muda wa kuvipanga upya wageni wakija mnao. Wala msiniambie hamna njia, kwani wenzetu waliiandika zamani. Joseph Segal wa Texas alitoa mwongozo wake mwaka 1976, kwa ajili ya maktaba ndogo, na kiini chake mtu anaweza kukishika kichwani: tazama kitabu kina miaka mingapi, kimekaa muda gani bila kuazimwa, halafu tazama makosa yake. Kinapotosha? Kimeharibika kiasi cha kutoshonwa? Limetoka toleo jipya? Kinapatikana kirahisi kwingine? Sisi wa Afrika Mashariki tuongeze swali letu, tena liwe la kwanza kabla ya hayo yote: hiki ni chetu? Kimeandikwa hapa, au kwa lugha yetu, au juu yetu, na tuna hakika kipo mahali pengine? Kama jibu linasitasita, kirudishe mezani, usikitie kirobani.

Waiteni walimu. Najua walivyo. Ukimpelekea mwalimu orodha ya vitabu mia atakuambia viache vyote, na viwili kati yake ni vile alivyosomea yeye shahada ya kwanza. Usimpelekee orodha. Mlete mbele ya rafu, mpe kitabu mkononi, muulize: mwalimu, mwanafunzi wako akinakili ukurasa huu kwenye mtihani, utampa alama? Nimeona maprofesa wakinyamaza mbele ya swali hilo, kisha wakaanza kuvitoa wenyewe, kwa hasira, kama watu waliotukanwa.

Kisha fuateni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na vitabu vya chuo cha umma ni mali ya umma. Kinachotoka kifutwe kwenye daftari na kwenye katalogi, kipigwe mhuri wa kuondolewa juu ya ule wa zamani, na kibali kiwe na sahihi ya mwenye mamlaka. Kitabu kisitoke kwa mlango wa nyuma usiku. Mjini San Francisco, maktaba ya umma ilipohamia jengo jipya mwaka 1996, mwandishi Nicholson Baker aliishutumu hadharani kwamba imepeleka vitabu kwa wingi dampo, na aibu ile haikufutika upesi. Watu husamehe palizi wanayoiona. Ya kificho hawaisamehe, nao wana haki.

Na nawasihi kwa jina la wazazi wenu: msivifungashe vile vilivyokufa mkavipeleka shule ya sekondari ya kata halafu mkapiga picha. Nimeiona picha hiyo. Mkuu wa shule anatabasamu, nyuma yake maboksi. Kama kitabu kina uongo kwa mwanafunzi wa chuo, kitakuwaje na ukweli kwa mtoto wa kidato cha pili, asiye na intaneti ya kukihakiki wala mwalimu wa somo hilo? Kiporo kilichochacha humpi jirani. Kipelekeni kwenye karatasi chakavu, kigeuzwe trei za mayai, kitakuwa kimefaa.

Yupo atakayenisomea mfano wa ngano na magugu, kwamba mwenye shamba aliwazuia watumwa wake wasiguse kitu. Nami naujua. Aliwazuia kwa sababu mizizi ilikuwa imeshikana na mavuno hayajafika. Mavuno yalipofika vilitenganishwa, wala hakuna aliyesema tuyaweke magugu ghalani kwa kuwa yameota shambani kwetu. Chuoni mavuno ni kila mwaka: wahitimu wanavaa joho, wanatupa kofia juu, na asubuhi yake mmoja anaingia wodini na kile tulichompa.

Bado sijawamalizia habari ya kile cha kijani. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walitoa ripoti mwaka 1979: kati ya vitabu ambavyo maktaba yao ilivipata mwaka 1969, karibu asilimia 40 havikuwa vimeazimwa hata mara moja katika miaka sita ya mwanzo. Tangu hapo wengi wetu tumefundishwa kumwogopa huyo anayelala rafuni, asiyeguswa, vumbi juu ya kichwa. Mimi pia, nilipokitoa kile cha kijani siku ileile jioni, nilidhani nimemkamata mmoja wao.

Nikafungua ukurasa wa nyuma. Karatasi ya tarehe ilikuwa imejaa, ikabandikwa nyingine juu yake, na hiyo ya pili nayo imefika nusu. Hakikulala hata muhula mmoja. Kilikuwa kimoja kati ya vitabu vilivyoazimwa kuliko vyote katika rafu ile, kwa kuwa kilieleza vizuri, michoro yake mizuri, Kiingereza chake chepesi. Kwa kipimo cha Pittsburgh kingepita na sifa.

Basi kesho mkifungua milango, msianzie kwenye vumbi. Anzieni rafu ya tiba, kwa vile vilivyochakaa kwa kushikwa, vyenye kona zilizokunjwa na mistari ya kalamu chini ya maneno. Hivyo ndivyo vinavyosema.

Mfukoni mwa jalada kulikuwa na kadi ya kuazimia, majina yameandikwa pande zote mbili. Baadhi nilikuwa nawajua; mmoja nilisikia amepangiwa zahanati ya mbali, peke yake, bila daktari. Nilivuta kiti, nikachukua kalamu, nikaanza kuyanakili.